Vyama vya watumishi wa umma Marekani kwa jicho la mhafidhina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siasa za Marekani zikitajwa, swali la vyama vya walimu, makarani na wafanyakazi wa miji halikosi. Majibu yafuatayo ni ya mhafidhina na hayajifanyi kuwa kitu kingine. Asiyekubaliana nayo atajua angalau anabishana na nini.

Je, wahafidhina wanapinga vyama vyote vya wafanyakazi?

Hapana, ingawa wapo wanaovichukia vyote. Fundi wa kiwanda cha magari akiungana na wenzake wakamtaka mwenye kiwanda aongeze mshahara, wanagombea faida ambayo wao wameizalisha na yeye ameiwekea mtaji. Akikubali kulipa kupita uwezo, bei inapanda, wateja wanahamia kwa mshindani na ajira zinapungua. Akibana mno, mafundi wazuri wanaondoka. Kila upande unajua ukivuta sana kamba itakatika.

Ubishi wetu ni wa serikalini, na huko ndiko nguvu ya vyama ilikohamia. Katikati ya miaka ya 1950, karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa wanachama, wengi wao wakitoka viwandani, migodini na kwenye usafirishaji. Mwaka 2024 uanachama katika sekta binafsi ulikuwa asilimia 5.9 tu. Katika sekta ya umma ulikuwa asilimia 32.2.

Serikalini kuna tofauti gani?

Anayelipa hayupo mezani. Upande mmoja wamekaa viongozi wa chama. Upande wa pili amekaa mwanasiasa ambaye fedha anazoahidi si zake, na huenda alishinda uchaguzi kwa michango na watu wa kugonga milango waliotoka kwenye chama hichohicho. Victor Gotbaum, aliyeongoza chama kikubwa cha wafanyakazi wa jiji la New York, alisema mwaka 1975 kwamba kwa namna fulani wao wana uwezo wa kumchagua bosi wao wenyewe. Alilisema kama jambo la kujivunia. Sisi tunalitaja kama ndiyo kasoro yenyewe.

Serikali pia haina mshindani. Mzazi asiyeridhika na shule ya mtaa wake anaweza kumhamisha mtoto, lakini kodi ya majengo inayoigharamia shule hiyo ataendelea kuilipa. Wafanyakazi wa zimamoto wakigoma, hakuna zimamoto nyingine ya kupigiwa simu.

Halafu kuna suala la muda. Nyongeza ya mshahara huonekana kwenye bajeti ya mwaka huo, magazeti yakaandika, watu wakapiga kelele. Ahadi ya pensheni haionekani kwa miaka ishirini. Mwanasiasa anayetaka amani na chama bila kupandisha kodi leo atachagua kutoa nini? Jibu la swali hilo linaeleza sehemu kubwa ya madeni ya miji na majimbo ya Marekani.

Ni kweli Rais Roosevelt naye alipinga?

Ni kweli nusu, na wahafidhina wengi huinukuu hiyo nusu tu. Agosti 1937 Franklin Roosevelt aliandika barua kwa kiongozi wa chama kimoja cha wafanyakazi wa serikali kuu, akasema majadiliano ya pamoja (chama kujadili mkataba wa kazi kwa niaba ya wafanyakazi) kwa maana yake ya kawaida hayawezi kuhamishiwa kwenye utumishi wa umma, na kwamba mgomo dhidi ya serikali ni jambo lisilovumilika. Lakini barua hiyohiyo inakubali kwamba watumishi wana haja sawa na wengine ya malipo ya haki na ya kusikilizwa malalamiko yao. Alichokataa ni serikali kufungwa mikono na mkataba ambao bunge halikuupitisha. Hapo ndipo ninaposimama mimi pia.

Basi haki ya majadiliano ilitoka wapi?

Sheria ya kazi ya mwaka 1935, inayoitwa Sheria ya Wagner, iliwaacha nje watumishi wa umma. Mlango ulifunguliwa baadaye, hatua kwa hatua. Mwaka 1958 meya wa New York, Robert Wagner mdogo, mtoto wa seneta aliyeipa sheria ile jina, alitoa amri ya kuvitambua vyama vya wafanyakazi wa jiji. Mwaka 1959 Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya majadiliano kwa watumishi wa umma. Januari 1962 Rais Kennedy akasaini amri ya kuvitambua vyama katika serikali kuu, na majimbo mengine yakafuata.

Kwa hiyo haki hii haina umri wa taifa. Ilitungwa na wanasiasa ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai, na wanasiasa wengine wanaweza kuipunguza bila kuigusa katiba ya nchi.

Na mgomo wa Memphis wa 1968?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwetu, na mhafidhina anayelikwepa hafai kusikilizwa. Zaidi ya wafanyakazi 1,300 wa kuzoa taka, karibu wote weusi, waligoma baada ya wenzao wawili kupondwa na mtambo wa lori bovu. Walilipwa vibaya na walitukanwa kila siku. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na akauawa hapo Memphis tarehe 4 Aprili.

Wanaume wale walikuwa na haki. Mji uliwakosea kama mwajiri na kama serikali. Walidai pia chama chao kitambuliwe na ada ikatwe kwenye mishahara, yaani mambo yaleyale ambayo leo tunayapinga Wisconsin, kama nitakavyoeleza chini. Siwezi kusema mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kusuguana. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyohitajika kumlinda mtu aliyenyimwa utu wake na meya mbaguzi si lazima iwe ndiyo inayotawala mkataba wa mwalimu wa kitongoji mwaka huu, mtu mwenye sheria za ajira, mahakama na kura.

Kesi ya Janus ilihusu nini?

Mark Janus alikuwa mtumishi wa jimbo la Illinois katika masuala ya matunzo ya watoto. Hakutaka kuwa mwanachama wa AFSCME, chama kikubwa cha watumishi wa majimbo na miji, lakini alikatwa takriban dola 45 kila mwezi kama ada ya uwakala, kwa sababu chama kilijadiliana kwa niaba ya wote. Tangu 1977 Mahakama ya Juu ilikuwa imeruhusu makato hayo, ilimradi yasigharamie kampeni za siasa. Juni 2018 mahakama iliibatilisha kanuni hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4, hukumu ikiandikwa na Samuel Alito.

Hoja iliyoshinda ni kwamba serikalini majadiliano yenyewe ni siasa. Ukijadili mshahara wa mwalimu, unajadili kiwango cha kodi. Ukijadili utaratibu wa kumfukuza kazi, unajadili ubora wa shule. Kumlazimisha mtu alipie hoja hizo ni kumlazimisha alipie msimamo asioukubali.

Lakini si dhuluma mtu kufaidi mkataba bila kuuchangia?

Ingekuwa dhuluma kama chama kingelazimishwa kumwakilisha. Lakini vyama vyenyewe ndivyo vinavyopigania kuwa mwakilishi pekee wa kitengo kizima, kwa sababu upekee huo ndio unaoviweka mezani bila mpinzani. Chama kinaweza kuomba sheria ya kuwakilisha wanachama wake tu. Viongozi wengi hawaitaki, na wanajua kwa nini.

Pensheni za Illinois ziliharibikaje?

Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema mafao ya pensheni ya watumishi hayawezi kupunguzwa. Wanasiasa wakaendelea kuahidi huku wakiruka michango ambayo jimbo lilipaswa kuweka kwenye mfuko. Mwaka 1994, chini ya gavana Jim Edgar, aliyekuwa wa chama cha Republican, chama chetu wahafidhina, ikapitishwa ratiba ya malipo ya miaka hamsini iliyosukuma sehemu kubwa ya mzigo mbele. Bunge lilipojaribu marekebisho mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya jimbo iliyatupa mwaka 2015. Pengo sasa linazidi dola bilioni 130.

Watetezi wa vyama husema waliokosea ni wabunge, kwa kuwa watumishi walikatwa michango yao kila mwezi. Ni sahihi kabisa. Ila hao wabunge walichaguliwa na nani, na chama kiliwafanya nini walipokuwa wakiruka malipo? Walioendelea kutia saini mikataba mizuri waliendelea kuungwa mkono.

Wanaoumia mwishoni ni watumishi. Detroit ilifilisika Julai 2013 ikiwa na madeni yanayokadiriwa kuwa dola bilioni 18. Wastaafu wa kawaida wa mji walipunguziwa pensheni kwa asilimia 4.5 na kufutiwa nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha. Mzee aliyefagia barabara miaka thelathini hakuwahi kukaa kwenye chumba chochote cha majadiliano.

Nini hasa kilitokea Wisconsin mwaka 2011?

Gavana mpya wa Republican, Scott Walker, alikuta pengo la bajeti lililokadiriwa kuwa dola bilioni 3.6 kwa miaka miwili. Alipendekeza sheria iliyokuja kujulikana kama Act 10. Watumishi wengi wa umma wangechangia karibu asilimia 5.8 ya mshahara kwa pensheni na angalau asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya afya. Majadiliano yangebaki kwenye mshahara wa msingi tu, na nyongeza isingezidi mfumuko wa bei bila wananchi kupiga kura ya kuikubali. Mwajiri asingekata tena ada kwa niaba ya chama. Kila mwaka chama kingepigiwa kura upya na kulazimika kupata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa kitengo, wakiwemo wasiojitokeza kupiga kura. (Sharti hili la mwisho ni kali. Wabunge walioliandika wengi wao wasingepita kama nao wangepimwa hivyo.)

Jibu lilikuwa la haraka. Maseneta wote 14 wa chama pinzani cha Democratic walivuka mpaka kuingia Illinois, kwa sababu muswada wa fedha ulihitaji maseneta 20 kati ya 33 ili akidi itimie, na Republican walikuwa 19. Walimu wengi wa Madison, mji mkuu wa jimbo, wakaripoti kuwa wagonjwa na shule zikafungwa siku kadhaa. Baadhi ya madaktari walisimama karibu na jengo la bunge wakiwaandikia waandamanaji vyeti vya ugonjwa. Waandamanaji wengi walilala ndani ya jengo hilo na kupiga ngoma. Karibu wiki tatu baadaye Republican walitenganisha vipengele vya fedha, wakapitisha vilivyobaki bila kuhitaji akidi ile, na Walker akasaini tarehe 11 Machi.

Watu wa nje hawakuelewa kwa nini moto ulikuwa mkubwa vile kwa jimbo la ukubwa huo. Chama cha AFSCME kilizaliwa Madison mwaka 1932, na Wisconsin ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza mwaka 1959. Kushindwa hapo kulikuwa kushindwa nyumbani.

Kuhusu fedha, jambo moja halisemwi vya kutosha. Kabla ya Act 10, wilaya nyingi za shule zilikuwa zikinunua bima ya afya kwa WEA Trust, kampuni iliyoanzishwa na chama cha walimu cha jimbo, kwa sababu uchaguzi wa bima ulikuwa sehemu ya mkataba. Baada ya sheria, bodi za shule ziliweza kutafuta bei kwingine, na mara nyingi hata tishio la kuhama lilitosha kushusha gharama. Umepata kuona mfano ulio wazi kuliko huo wa chama kukaa pande zote mbili za biashara?

Mnapolalamikia mbinu za mrengo wa kushoto, mnamaanisha zipi?

Watu hudhani tunamaanisha ngoma na mabango. Hayo ni haki ya kila raia, na kwa kweli ngoma za Madison zilimsaidia Walker kuliko zilivyomdhuru. Mbinu zenye nguvu ni nyingine.

Ya kwanza ni kumgeuza mtu mmoja kuwa sura ya mgogoro. Saul Alinsky, mwandaaji wa mitaa (mtu wa kuwapanga wakazi wadai mambo yao) kutoka Chicago aliyefariki 1972, aliwafundisha wafuasi wake wachague mlengwa, wambane asiondoke, na wafanye jambo liwe la mtu badala ya taasisi. Ndiyo maana bajeti ya Wisconsin iliitwa vita vya Walker, na waandamanaji wakafika hadi nyumbani kwake Wauwatosa. Mbinu hii hufanya kazi kwa sababu ni vigumu kuchukia asilimia 12.6 ya bima. Mtu mwenye jina na uso huchukiwa kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba baada ya hapo hakuna maafikiano: utawezaje kukubali robo ya pendekezo la mtu uliyemwita dikteta?

Ya pili ni kutoheshimu matokeo ya kura mpaka yapendeze. Mwaka 2011 kulikuwa na uchaguzi wa kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo uliogeuzwa kura kuhusu Act 10, kisha maseneta sita wa Republican wakaitiwa kura ya kuondolewa, na Juni 2012 gavana mwenyewe. Kila hatua ni halali. Lakini kura ya kumwondoa kiongozi iliwekwa kwa ajili ya kiongozi aliyeharibu kazi, na Walker alikuwa ametunga sheria tu. Alimshinda Tom Barrett wa Democratic kwa karibu asilimia 53 dhidi ya 46, akawa gavana wa kwanza katika historia ya Marekani kunusurika kura ya aina hiyo.

Ya tatu haipigi kelele kabisa, nayo ndiyo ninayoiogopa. Chaguzi nyingi za bodi za shule na mabaraza ya miji hufanyika siku zisizo za uchaguzi mkuu. Wanaojitokeza ni wachache sana. Chama chenye wanachama waliojipanga, namba zao za simu na sababu ya kuamka mapema kinaweza kumchagua mtu atakayekaa upande wa pili wa meza, na hakuna aliyevunja sheria yoyote. Wahafidhina hawana wa kumlaumu hapa. Walilala nyumbani.

Ya nne ni kupanua mkataba. Mwaka 2019 chama cha walimu cha Chicago kiligoma siku 11 za masomo, na miongoni mwa madai yake yalikuwemo masuala ya nyumba za bei nafuu. Nyumba ni jambo zito, lakini sera yake ni ya baraza la jiji, mbele ya wananchi, na mwalimu hana mamlaka zaidi juu yake kuliko dereva wa basi. Aprili 2023 Brandon Johnson, aliyekuwa mwandaaji wa kulipwa wa chama hicho, alichaguliwa meya. Oktoba 2024 bodi nzima ya shule za Chicago ilijiuzulu katikati ya mvutano kuhusu mkopo wa dola milioni 300 ambao meya aliutaka na mkurugenzi wa shule za jiji akakataa kuuchukua. Gotbaum angetabasamu.

Na Warepublican hawatoroki bunge?

Wanatoroka. Huko Oregon walifanya hivyo mara kadhaa kuanzia 2019, hadi wapiga kura wakapitisha mwaka 2022 kanuni ya kumzuia mtoro kugombea tena. Abraham Lincoln mwenyewe, akiwa mbunge wa jimbo la Illinois, aliruka dirishani Springfield mwaka 1840 akijaribu kuvunja akidi. Ni mbinu mbaya kwa wote, Lincoln akiwemo, na harakati ya Tea Party, ya wahafidhina wenzetu, nayo ilikuwa na waandaaji waliomsoma Alinsky bila aibu.

Mbona polisi hamwagusi?

Kwa sababu ya woga na kura. Walker aliwaacha polisi na zimamoto nje ya Act 10, akisema alihofia usalama wa umma iwapo wangegoma. Hoja zote nilizotoa juu zinawahusu polisi pia, tena zaidi, kwa kuwa mkataba wao mara nyingi huamua jinsi afisa anavyochunguzwa baada ya kutumia nguvu. Mhafidhina anayeona tatizo kwenye ulinzi wa mwalimu mzembe na asilione kwenye ulinzi wa askari mkatili anatetea wapiga kura wake.

Na gharama ya upendeleo huo imefika. Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane, Wisconsin, alitamka kwamba sehemu kubwa ya Act 10 inakiuka katiba ya jimbo, na sababu ilikuwa hiyohiyo ya kuwagawa watumishi wa usalama na wengine bila msingi wa kutosha. Hukumu ilisimamishwa kusubiri rufaa.

Rais Reagan alifanya sawa kuwafukuza waongoza ndege?

Ndiyo. Mgomo wa Agosti 1981 ulikuwa kinyume cha sheria, walikuwa wameapa kutogoma, walipewa saa 48, na zaidi ya 11,000 hawakurudi. Chama chao, PATCO, kilikuwa kimemuunga mkono Reagan mwaka uliotangulia.

Mnataka vyama hivi vifutwe?

Sitaki. Watumishi waungane, wachague viongozi, waseme hadharani, waende bungeni kama raia wengine. Ninachotaka kitoke mikononi mwao ni mkataba unaofunga bajeti kabla mlipakodi hajauona. Mikataba ichapishwe kabla ya kusainiwa, makadirio ya pensheni yaambatane nayo, ada ikusanywe na chama chenyewe, na chaguzi za bodi za shule zihamishiwe siku ya uchaguzi mkuu. Hilo la mwisho peke yake lingebadilisha mengi kuliko Act 10, na halimnyang'anyi mtu yeyote haki.

Sifurahii njia ya amri za rais. Machi 2025 Donald Trump aliondoa majadiliano katika idara nyingi za serikali kuu kwa kutumia kifungu cha usalama wa taifa. Kilichotolewa kwa kalamu ya Kennedy kinaweza kuondolewa kwa kalamu, lakini majadiliano ya serikali kuu yamo kwenye sheria ya bunge tangu 1978, na bunge ndilo lingepaswa kuibadili.

Mtumishi asiyetaka kuchangia afanye nini?

Tangu hukumu ya Janus, asiyewahi kukubali kwa hiari hapaswi kukatwa chochote. Aliyewahi kusaini fomu ya uanachama aitafute aisome kabla ya kuandika barua ya kujitoa, maana baadhi ya fomu zinaruhusu kusitisha makato katika kipindi kifupi tu cha mwaka, na mahakama mara nyingi zimeziheshimu. Barua ipelekwe kwa chama na kwa ofisi ya mishahara, nakala ibaki kwake.